Usiniambie Tu Wewe ni Koleriki

Sema mbele ya Wakenya kwamba unatoka Meru, kisha ungoje. Haitapita dakika moja kabla mtu hajauliza, akicheka, kama umekuja na panga. Mwingine atakwambia alisoma na Mmeru ambaye akikasirika hata mbwa wa jirani walikuwa wanajificha. Mzaha huu umezunguka miaka mingi, kwa wachekeshaji na mitandaoni, na Wameru wengi wenyewe wameupokea kama sehemu ya kitambulisho. Kijana anavunja simu kwa hasira, halafu anasema, "Si unajua mimi ni Mmeru?" Watu wanacheka na stori inaisha.

Kwa mwenye simu haijaisha.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kusema jambo hilo hilo, na inasikika ya kisomi zaidi: "Mimi ni koleriki." Umeisikia kwenye semina za vijana kanisani, kwenye mafunzo ya wachumba, kwenye vyama vya Kikristo vya vyuo, hata kwenye mafunzo ya kazini ambapo kampuni inawapa karatasi ya maswali na juisi ya maembe. Unajaza, unahesabu alama, unaambiwa wewe ni mmoja wa wanne: sanguini, koleriki, melankoli au flegmati. Watu hutoka pale wamechangamka kweli. Hatimaye wamepata jina la kitu ambacho kimewasumbua maisha yote.

Siwadharau. Kupata jina ni jambo kubwa. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba anajidai kwa sababu hapendi kelele, akisikia kwamba kuna watu wengi walioumbwa hivyo, anapumua. Lakini kuna swali ambalo semina nyingi haziulizi, na ndilo ninalotaka tukae nalo hapa: ukishajua tabia ya mtu, au yako mwenyewe, unadaiwa nini?

Kwanza tuwatambue hao wanne. Fikiria matatu ya abiria kumi na wanne imetoka Makutano mjini Meru, inaelekea Embu. Imepita Nkubu, imevuka daraja la Nithi, na sasa imesimama Chuka. Dereva ameshuka. Kuna nafasi moja na makanga anasema hawatoki kabla haijajaa.

Sanguini hana shida. Ameshanunua ndizi dirishani, amegawia watoto wa mama aliyeketi nyuma, na anajua huyo mama anaenda kumwona nani Runyenjes. Amesahau kabisa kwamba kuna mtu anamngoja Embu tangu saa nane. Koleriki ameshafungua dirisha: "Dere, tumelipa nauli au tumelipa kulala hapa?" Anatafuta namba ya sacco iliyoandikwa mlangoni. Melankoli alihesabu tangu Nkubu kwamba watachelewa. Haongei, lakini bado anauguza jinsi makanga alivyomrudishia chenji, kama anayemtupia. Na flegmati? Ameegemea dirisha, macho nusu. Ukimuuliza kama mshuke mtafute gari lingine, atasema, "Sawa tu." Ukimuuliza kama mngoje, atasema, "Sawa tu."

Umecheka kwa sababu unawajua. Pengine umeshampa kila mmoja jina la mtu wa kwenu. Ndiyo maana mpangilio huu umeishi zaidi ya miaka elfu mbili: unashika kitu ambacho kila mtu amekiona.

Chanzo chake ni tiba. Madaktari wa Ugiriki wa kale, wafuasi wa Hippocrates, walifundisha kwamba mwilini mna maji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka wa 129 na kuwatibu wapiganaji wa viwanjani kabla ya kuhudumia makaisari wa Roma, alieleza jinsi mchanganyiko wa joto na baridi, unyevu na ukavu unavyomfanya mtu awe alivyo. Karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake kule Baghdad walitafsiri vitabu vyake kwa Kiarabu. Ibn Sina akajenga juu yake. Na kupitia Kiarabu, elimu hiyo iliacha alama ndani ya Kiswahili chenyewe.

Sikiliza maneno. Balghamu, kohozi la kifuani, ni neno lile lile la Kigiriki lililozaa flegmati, limepitia Kiarabu tu. Safura, ambayo leo ni ugonjwa wa minyoo wanaommaliza mtu damu, inatoka kwa jina la Kiarabu la nyongo ya njano. Na nyanya yako akilalamika kwamba magoti yana baridi yabisi, anasema kwa Kiarabu "baridi na kavu," sifa zile zile ambazo wazee hao waliipa nyongo nyeusi. Hata neno tabia ni la Kiarabu, la umbile. Kwa hivyo usidhani hii ni bidhaa ya wazungu iliyoletwa juzi na karatasi ya maswali.

Kilichokuja juzi ni toleo lake la kanisani. Mwaka wa 1966 mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, alichapisha kitabu Spirit-Controlled Temperament, akijenga juu ya kazi ya mwanateolojia wa Norway, Ole Hallesby. Hapo ndipo semina nyingi zinapochota, hata kama mwalimu hajui. Na tuwe wa haki: LaHaye mwenyewe alifundisha kwamba mtu ni mchanganyiko, na lengo lake lilikuwa mtu abadilike. Sisi ndio tuliochukua jina tukaacha kazi.

Tiba yenyewe ilishakufa. Hakuna daktari wa Hospitali ya Level 5 ya Embu atakayekupima nyongo nyeusi. Lakini tofauti ambazo wazee hao waliziona hazikuwa ndoto. Tafiti nyingi za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu huhusiana na urithi. Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London, aliwachukua wale wanne akawapanga juu ya mistari miwili: mmoja unapima jinsi mtu anavyojitokeza kwa wengine, wa pili jinsi hisia zake zinavyosukwasukwa. Ukiiona hivyo, unaelewa jambo ambalo karatasi ya semina inalificha. Hakuna masanduku manne. Kuna mistari, na wengi wetu tuko karibu na katikati, tukisogea huku na huku kulingana na siku, usingizi, njaa na nani ametuudhi.

Masanduku yana historia mbaya, na hapa ndipo mambo yanatugusa.

Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, msomi wa Sweden aliyevipa mimea na wanyama majina ya Kilatini, alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha kuainisha viumbe. Akawagawa na binadamu vilevile, akitumia zile tabia nne. Mzungu akapewa sanguini. Mwenyeji wa Amerika akawa koleriki. Mwasia akawa melankoli. Mwafrika, bara zima, akawa flegmati: mvivu, mzembe. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Koleriki wote wa Tigania, sanguini wote wa Gakoromone sokoni, mstari mmoja tu wa Kilatini ukawafuta.

Karibu miaka mia mbili baadaye, mchezo huo ulichezwa hapa nyumbani. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ikamwomba J. C. Carothers, daktari wa akili aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, aieleze vita ya Mau Mau. Ripoti yake ya 1954 ilitafuta maelezo hasa ndani ya akili na tabia ya watu, hasa Wakikuyu. Ukishasema mtu anapigana kwa sababu ya alivyoumbwa, huhitaji tena kumuuliza shamba lake liko wapi. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, Operesheni Anvil ilianza Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa kapu moja, wakakusanywa kwa maelfu na kuchujwa, wengi wakapelekwa kizuizini. Hakuna aliyeulizwa kama ni mpole au mkali. Kipande chake kilikuwa kimeshamjibia.

Basi ukisikia "Wameru wana hasira," jua unaisikia sentensi yenye ukoo mrefu. Mzaha si Operesheni Anvil, najua. Lakini vyote viwili hufanya kazi moja: vinamaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Tena mzaha wenyewe hauijui Meru. Cheo cha juu kabisa ambacho mwanamume Mmeru angeweza kufikia ni kuingia Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake yako Nchiru. Na sifa ya kuingia ni ipi? Si ubabe. Wanatafutwa watu waliokomaa, watulivu, wasionunulika. Kesi husikizwa kwa subira, kila upande ukapewa nafasi yake. Baraza hilo lina mapungufu yake, la kwanza likiwa kwamba ni la wanaume. Lakini jamii iliyoweka kiti chake cha juu kwa ajili ya mtu mtulivu haikuamini kwamba hasira ni damu yake. Iliamini kwamba hasira ni kitu ambacho mtu mzima anatarajiwa kuwa amekishinda.

Kuna jambo lingine ambalo majina haya hulificha. Miraa na muguka ni mmea mmoja, Catha edulis. Unaolimwa Igembe unaitwa miraa, wa Mbeere kule Embu unaitwa muguka, na wanautafuna kwa namna tofauti. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, huku miraa ikiendelea kuuzwa. Wakulima wa Embu wakauliza: mbona jani letu tu? Sirudii kesi hiyo hapa. Nataka tu uone jinsi kitu kimoja kinavyoweza kubeba majina mawili na hukumu mbili.

Ndivyo tunavyofanya na tabia. Koleriki akiwa mwanamume, ni kiongozi, ana msimamo. Akiwa mwanamke, "huyo ataolewa na nani?" Flegmati akiwa mwanamke, ni mke mwema, mama mtulivu. Akiwa mwanamume, amekaliwa. Sanguini mwenye pesa ni mtu wa watu. Sanguini asiye na pesa ni mpiga domo, debe tupu. Kwa hivyo kabla ya kumpa mtu jina la tabia, jiulize kama ungempa jina hilo hilo akiwa jinsia nyingine, au mfuko wake ukiwa umejaa.

Sasa turudi kwa swali. Ukishajua, unadaiwa nini? Jibu langu ni fupi. Ujuzi wa tabia ni mzuri pale unapompa kazi yule anayeujua. Ni mbaya pale unapompa likizo. "Mimi ni koleriki, nivumilieni" ni likizo. "Yeye ni flegmati, usimsumbue kumuuliza" ni likizo pia, hata kama inasikika kama upole. Hebu tuwachukue mmoja mmoja.

Tuanze na koleriki, maana ndiye mwenye kesi nyingi. Koleriki wengi husema hawawezi kujizuia. Wachunguze. Anayemtukana mkewe jikoni hamtukani OCS kituoni. Anayempigia kelele mhudumu wa hoteli hampigii meneja wa benki siku ya kuomba mkopo. Hasira yake inajua vyeo vya watu. Na kama inajua vyeo, basi ina breki, na breki hizo mguu wake mwenyewe ndio unaozikanyaga. Hili lisemwe wazi bila kumchukia, kwa sababu ni habari njema kwake: wewe si mfungwa kama unavyodhani.

Lakini ukiishi naye, nawe una kazi. Tuseme baba mmoja wa Imenti ameamua kung'oa kahawa apande makadamia, na amelitangaza mezani kama sheria. Ukibishana naye pale pale, mbele ya watoto na wageni, hutabishana tena juu ya kahawa. Mtabishana juu ya nani mkubwa. Subiri asubuhi. Nenda na hesabu: mti unachukua miaka mingapi kuzaa, karo ya muhula ujao itatoka wapi. Sema kwa sentensi moja, usizunguke. Koleriki wengi huheshimu mtu aliyenyooka kuliko anayewabembeleza. Na mpe kazi inayohitaji moto wake. Kuna nyaraka za shamba zimekaa ofisini miaka mitano zikingoja mtu asiyeogopa kugonga meza.

Mpaka wa ushauri huu ni mmoja. Mtu anayekupiga si somo la tabia. Kenya ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani tangu 2015, na kazi yako ya kwanza ni kuwa salama, si kumwelewa.

Sanguini tunamwonea kwa njia nyingine: tunamfurahia na kumdharau kwa pamoja. Kwenye chama ndiye anayeahidi kuleta sufuria, viti na spika, kisha siku ikifika yuko Maua kwa harusi ya rafiki wa rafiki. Tunasema hana maana. Lakini kukiwa na matanga, ni nani anayekaa na wafiwa mpaka usiku wa manane, akamfanya mjane acheke mara moja katika wiki nzima? Hiyo si kazi ndogo. Ukitaka kuishi naye vizuri, usiupime moyo wake kwa kalenda. Mkumbushe siku mbili kabla, mpe jambo moja badala ya matano, na akikosea mwambie faraghani, kwa maana aibu ya hadharani humuumiza kuliko anavyoonyesha. Naye kazi yake ni kujifunza kwamba "ndiyo" aliyoitoa kwa furaha ni deni hata furaha ikiisha.

Melankoli ndiye mweka hazina wa chama hicho. Hesabu zake hazina doa. Anakumbuka nani alichelewa mchango wa Machi, na pia anakumbuka neno ulilomwambia ukicheka mwaka juzi. Watu humwambia, "Chill bana, mbona unachukulia vitu serious?" Hapo wamemwambia kwamba macho yake, ambayo ndiyo yanaokoa pesa zao, ni kasoro. Mpe muda. Usidai jibu papo hapo. Ukimtania, hakikisha amejua ni utani. Ukimkosea, usiseme tu "pole kama nimekukwaza". Taja ulichofanya, maana yeye anakijua kwa tarehe. Kazi yake yeye ni ngumu: kukubali kwamba watu wengine husahau bila nia mbaya.

Hapa pia kuna hatari ya jina. Kuna mtu ambaye si melankoli, ni mgonjwa. Halali, hali, hataki kuona watu, anaongea kama anayeaga. Tukisema "ndiyo tabia yake, ameumbwa na huzuni," tunaweza kumzika. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimchukulia aliyejaribu kujiua kama mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeona kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji msaada, sisi wa mtaani hatuna kisingizio. Muulize moja kwa moja, kisha msindikize hospitali.

Nimemwacha flegmati mwisho kwa sababu kila mtu humwacha mwisho.

Tuseme kuna familia karibu na Runyenjes. Watoto wanne; watatu wako Nairobi, kitinda mimba amebaki nyumbani. Ndiye anayechuna chai, ndiye anayempeleka mama kliniki, ndiye anayeamka ng'ombe akizaa saa tisa usiku. Baba akafa. Wakubwa wakaamua, kwenye group ya WhatsApp ya familia, kwamba kipande cha chini kiuzwe ili wajenge nyumba ya kupangisha mjini Embu. Ujumbe hamsini siku moja. Mwishoni mtu akakumbuka kumuuliza. Akaandika, "Sawa tu." Wakaweka vidole gumba. Wakasema familia imekubaliana.

Miaka miwili baadaye hapokei simu. Anakata miti bila kuuliza mtu. Wakubwa wanashangaa: "Huyu alikuwa mpole, nani amemharibu?" Hakuna aliyemharibu. Walichukua "sawa tu" wakaifanya sahihi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mashamba mengi yana kesi zilizoanza na kimya cha mtu mmoja ambaye kila mtu alisifu upole wake.

Upole wa mtu haukupi ruhusa ya kumwamulia. Ukitaka kujua flegmati anataka nini, usimuulize kwenye umati. Nenda kwake. Kaa. Mwachie nafasi. Muulize swali lenye pande mbili za kweli: "Kipande cha chini kikiuzwa, utalima wapi? Kikibaki, tutampataje mama pesa za dawa?" Akisema "sawa tu," rudi kesho. Na kwenye kikao, yeye aongee kwanza, kabla wenye sauti hawajajaza chumba. Naye ana deni lake. Kunyamaza halafu kulipiza polepole kwa miaka si amani. Ni hasira iliyovaa viatu laini. Aliyeshindwa kusema "hapana" mapema hawezi kuwalaumu wote kwamba hawakusikia.

Umeona kinachorudi kila mara: kwa kila mmoja kuna kazi mbili, yake na yako. Semina nzuri ni ile inayokupa zote mbili.

Bado kuna kikwazo kimoja. Kuna watu ambao, hata ukijua tabia zao zote, hamuivi. Kiswahili kina msemo wake: damu yangu na yake hazipatani. Unasikia kana kwamba Galen bado yuko hai ndani yake. Tunausema kuhusu mke wa kaka, bosi, mwenzako wa chumba chuoni, na tukishausema tunaona tumemaliza. Damu ni damu, utafanya nini?

Wameru walikuwa na jibu. Wana desturi inayoitwa gichiaro, neno linalotokana na kuzaa. Ni udugu wa kiapo kati ya koo au makundi ambayo hayakuzaliwa pamoja. Mtu wa gichiaro yako humdhuru, humdanganyi, na akikuomba kitu si rahisi kumnyima, kwa maana kuuvunja udugu huo huleta laana. Angalia mpangilio wake. Hakuna mahali wanapoulizwa kama damu zao zimepatana. Hakuna karatasi ya kujua kama ni sanguini kwa melankoli au koleriki kwa koleriki. Udugu unafungwa kwanza, na wajibu unakuja nao. Kupendana, kama kutakuja, kutakuja njiani.

Sisemi turudishe viapo. Wengi wetu tunaishi Pipeline, Roysambu na Dallas ya Embu, na majirani zetu hatujui hata majina yao. Nasema kwamba tumeanza kuamini kinyume: kwamba ni lazima tabia zilingane ndipo tuwatendee watu haki. Tunachagua marafiki kwa kulingana, wachumba kwa kulingana, na aliye tofauti tunampa jina la Kigiriki na kumweka kando. Gichiaro inatukumbusha kwamba unaweza kudaiwa heshima na mtu ambaye hamfanani hata kidogo, na ukailipa, na ukalala vizuri.

Kwa hivyo wiki hii, ukijikuta unataka kusema "mimi ni koleriki," jaribu kuiongezea sentensi nusu ya pili. "Mimi hukasirika haraka, kwa hivyo tukianza kuzozana nitatoka nje dakika kumi, halafu nitarudi tumalize." "Mimi husahau, kwa hivyo niandikie." "Mimi huumia na utani, kwa hivyo nitakwambia siku hiyo hiyo, si mwaka ujao." "Mimi ni mgumu kusema hapana, kwa hivyo nipe hadi kesho nikujibu."

Na kama kuna mtu kwenu ambaye jibu lake huwa "sawa tu," mpigie leo. Usimwandikie kwenye group.